Ushonaji wa Midoli kutokana na Michoro ya Watoto: Ushauri kwa Mafundi wa Mbeya na Iringa

Ushonaji wa midoli kwa kufuata michoro ya watoto ni tawi la ufundi cherehani ambamo mteja haleti vipimo vya mwili wala picha ya gauni, bali huleta karatasi aliyoichora mtoto wake, na fundi hutakiwa kuugeuza mchoro huo kuwa mdoli, yaani mnyama wa kitambaa aliyejazwa pamba au nyuzi, unaofanana na karatasi ile kwa umbo, kwa rangi na kwa kasoro zake zote. Kasoro hizo ndizo bidhaa yenyewe. Midoli ya viwandani, iwe imetoka China ikiwa mipya au imefika ndani ya belo la mitumba, inapatikana Mwanjelwa jijini Mbeya na katika soko kuu la Iringa kwa bei ambayo fundi wa mkono hawezi kushindana nayo hata akijinyima usingizi. Lakini hakuna kiwanda kinachoweza kumuuzia mzazi ng'ombe wa miguu mitano mwenye jicho moja mgongoni, ambaye binti yake alimchora jana jioni akiwa amelala kifudifudi sakafuni. Kwa hiyo fundi anayeurekebisha mchoro ili ng'ombe abaki na miguu minne huwa ameitupa nje ya dirisha sababu pekee ya mteja kumfuata, na ushauri wote unaofuata hapa, wa kiolezo, wa kitambaa, wa bei na wa sheria, umesimama juu ya kanuni hiyo moja ya uaminifu kwa mchoro.

Biashara ya namna hii imekwisha kujaribiwa kwingineko. Mwaka 2007 huko Vancouver, Kanada, Wendy Tsao alianza kushona midoli kwa kufuata michoro ya watoto baada ya kumshonea mwanawe, na karakana yake, Child's Own Studio, ikajulikana mbali; mwaka 2015 kampuni ya IKEA ya Sweden ikaanza kuuza katika maduka yake midoli iliyotokana na michoro ya watoto walioshinda shindano lake. Hata hivyo mfano unaomfaa zaidi fundi wa Nyanda za Juu Kusini ni wa zamani kuliko hiyo. Margarete Steiff wa mji wa Giengen nchini Ujerumani, aliyepooza miguu kwa polio tangu utotoni na aliyetumia kiti cha magurudumu maisha yake yote, alishona mwaka 1880 tembo mdogo wa kitambaa kizito cha sufu, akikusudia awe mto wa kuchomekea sindano. Watoto wakamchukua na kumfanya mwenzao wa mchezo, na kutokana na tembo huyo likazaliwa shirika ambalo mwaka 1902 lilitoa dubu wa manyoya mwenye mikono na miguu inayozunguka, aliyebuniwa na mpwa wake Richard, kijana aliyekuwa na desturi ya kwenda kuchora wanyama katika bustani yao mjini Stuttgart. Safari ya kutoka kwenye karatasi hadi kwenye kitambaa ilikuwamo katika kazi hii tangu mwanzo, na mikono iliyoianzisha ilikuwa ya mtu mwenye ulemavu.

Jambo hilo la mwisho lina uzito mjini Iringa kuliko miji mingi. Mwaka 2003 Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana Tanzania ilianzisha hapo Neema Crafts, kituo kinachofundisha na kuajiri watu wenye ulemavu katika ufumaji, ushonaji, utengenezaji wa shanga na wa karatasi, ikiwamo karatasi inayotokana na kinyesi cha tembo, na ambacho mgahawa wake huhudumiwa na viziwi, kiasi kwamba mteja huandika anachotaka kwenye karatasi au hujifunza ishara chache za lugha ya alama kabla ya kuletewa chai. Anayefikiria kufungua karakana ya midoli ya michoro na autafakari utaratibu huo kwa makini. Katika ushonaji wa nguo za kawaida fundi kiziwi huumia kwa sababu maelekezo mengi ya mteja hutolewa kwa mdomo, tena mara nyingi kwa haraka huku mteja akiwa mlangoni anatoka. Katika ushonaji wa midoli ya michoro agizo lenyewe limo katika karatasi, linaonekana kwa jicho, na linaweza kurejewa mara kumi bila kumsumbua mtu. Ni nadra kupata kazi ya cherehani inayomweka kiziwi na anayesikia katika nafasi sawa kiasi hiki, na mwenye karakana atakayeajiri bila kuzingatia hilo atakuwa amewapita mafundi stadi waliomo mjini mwake.

Kazi huanza kwa kuupokea mchoro, na hatua hii huharakishwa na wengi ilhali ndiyo inayoamua mengine yote. Mchoro halisi usikatwe, usichorwe juu, wala usibaki karakanani usiku mmoja bila sababu. Upigwe picha kwa simu mchana, karibu na dirisha, karatasi ikiwa imelazwa bapa na simu ikiwa juu yake moja kwa moja ili umbo lisipinde, kisha ukanakiliwe kwenye duka la fotokopi na mwenyewe arudishiwe mali yake. Baada ya hapo mtoto aulizwe. Katika nyumba nyingi za Wahehe, Wanyakyusa na Wasafwa, kama ilivyo katika nyumba nyingi za Kitanzania, mtu mzima humsemea mtoto mbele ya mgeni, na fundi mwenye adabu hatamruka mama au bibi aliyemleta. Atamwomba ruhusa kwanza, kisha atainama hadi usawa wa mtoto na kumuuliza maswali yasiyomwekea jibu mdomoni. Swali la "Huu ni mkia, siyo?" ni baya, kwa kuwa mtoto aliyelelewa kwa heshima atakubali tu, swali la "Hapa pana nini?" ni zuri. Aulizwe jina la mnyama, anakula nini, analala wapi, na hasa upande wa nyuma ukoje, kwa sababu karatasi huonyesha upande mmoja ilhali mdoli una mgongo, na mgongo huo si haki ya fundi kuubuni iwapo mwenyewe yupo na anaweza kuulizwa.

Elimu kidogo kuhusu uchoraji wa watoto humsaidia fundi asiyaone makosa mahali ambapo hayapo. Georges-Henri Luquet, mwanazuoni wa Ufaransa aliyechapisha mwaka 1927 kitabu kuhusu uchoraji wa watoto, alieleza kwamba mtoto mdogo huchora anachokijua kuhusu kitu kuliko anachokiona, na ndiyo maana atachora macho mawili kwa mnyama aliyesimama kiubavu, au atamchora ndama akionekana wazi ndani ya tumbo la ng'ombe. Mtoto wa miaka mitatu au minne naye mara nyingi huchora kiumbe ambaye ni kichwa kilichoota miguu, bila kiwiliwili, mfano wa kiluwiluwi. Fundi anayeyajua haya hatamwongezea kiumbe huyo tumbo; atashona kichwa chenye miguu. Ndama anayeonekana tumboni hatageuzwa kuwa doa, bali ng'ombe atashonewa mfuko tumboni na ndama mdogo atakayeingia na kutoka humo, na inawezekana mfuko huo ukawa sehemu ambayo mtoto ataipenda kuliko zote. Yote yaliyosemwa yaandikwe kwenye kadi ya oda, yaani karatasi ngumu inayofuatana na kazi kutoka mkono wa kwanza hadi wa mwisho, ikiwa na nakala ya mchoro, umri wa mtoto, rangi ya kila sehemu na urefu uliokubaliwa.

Baada ya kadi huja kiolezo, ambacho ni umbo la karatasi linalowekwa juu ya kitambaa ili kitambaa kikatwe kwa kulifuata. Njia nyepesi ya kuukuza mchoro ni fotokopi: karatasi ya A4 ikikuzwa hadi A3 kila urefu huzidishwa kwa 1.41, hivyo mnyama wa sentimita 15 huwa wa sentimita 21, na anayetaka mdoli mkubwa zaidi hukuza kwa vipande na kuviunganisha kwa gundi. Mahali pasipo na mashine ya namna hiyo, njia ya zamani ya viboksi haijawahi kumwangusha mtu: nakala ya mchoro hugawanywa kwa mistari katika miraba ya sentimita 1, karatasi kubwa ya kaki au upande safi wa mfuko wa saruji uliokung'utwa hugawanywa katika miraba ya sentimita 2 au 3, na kila kilichomo katika mraba mdogo huhamishiwa katika mraba mkubwa unaolingana nao.

Hapa ndipo mafundi wazuri wa nguo hukwama, kwa sababu nguo huvaliwa na mwili uliopo tayari, ilhali mdoli hujitengenezea mwili wake unapojazwa, na unapojazwa hupungua upana. Vipande viwili bapa vikishonwa pamoja na kujazwa hadi vikawa mviringo, upana ulioonekana mezani hugeuka kuwa nusu ya mzingo, hivyo mguu uliokatwa ukiwa na sentimita 6 baada ya mshono utakuwa na kipenyo cha sentimita 3.8 tu. Kanuni ni kuuzidisha upana unaotakiwa kwa 1.57, yaani kuuongeza kwa zaidi kidogo ya nusu yake, katika sehemu zote zitakazokuwa za mviringo kama miguu, mikia na shingo. Kwa kiwiliwili, ambacho hujazwa kikabaki bapa kiasi, nyongeza ya robo huelekea kutosha, lakini hapo hakuna hesabu inayoshinda jaribio, na kila umbo jipya lishonwe kwanza kwa amerikani au kwa shuka kuukuu kabla ya kugusa kitambaa cha mteja. Nafasi ya mshono, yaani ukingo unaoachwa nje ya mstari wa kushona, isipungue milimita 7, na penye mkunjo wa ndani ichanjwe kwa ncha ya mkasi hadi karibu na uzi ili kitambaa kisivute kinapogeuzwa.

Miguu ya kijiti ni swali la peke yake. Watoto huchora miguu na vidole kwa mstari mmoja wa penseli, na mstari hauna upana wa kujazwa. Bomba la kitambaa lenye upana chini ya sentimita 3 ni shida kuligeuza, na likigeuzwa halijazwi vizuri. Baadhi ya mafundi huinenepesha miguu hiyo, na mdoli hupoteza wepesi ambao mtoto aliukusudia. Njia bora zaidi ni kusuka vitambaa vitatu vyembamba mfano wa nywele, au kukunja kitambaa mara nne na kukishona juu kwa juu, kisha kukiingiza ndani ya mshono wa mwili na kukipitisha cherehani mara tatu. Kamba yoyote ya namna hiyo isizidi sentimita 20, isije ikamzunguka mtoto shingoni.

Kuhusu vitambaa, kitambaa cha manyoya mafupi husamehe makosa ya mshono na hupendwa na mikono midogo, na hupatikana kwa bei nafuu katika mablanketi ya mitumba yaliyo mazima, mradi yafuliwe kwa maji ya moto, yakaushwe juani na kupigwa pasi kabla ya kukatwa. Kitenge hakivutiki, hivyo hushika umbo kwa uaminifu kuliko kitambaa cha fulana, ambacho huvimba kinapojazwa na kumfanya kila mnyama awe mnene. Lakini kitenge kisifike mdomoni mwa mtoto kabla hakijasuguliwa kwa kitambaa cheupe kilicholowa, na kikiacha rangi kifuliwe tena au kikataliwe. Rangi ya kitambaa haitalingana kamwe na ya penseli. Ni heri kumwonyesha mtoto vipande vitatu na kumwacha achague kuliko kumchagulia, maana akichagua mwenyewe hatalalamika kwamba twiga wake amebadilika.

Vijazio vinahitaji kufikiriwa kwa kuzingatia hali ya hewa ya Nyanda za Juu. Mvua za huku huanza mnamo Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na mara baada yake huja baridi ya Juni na Julai. Tukuyu na vilima vya Rungwe hupata mvua nyingi kuliko karibu sehemu yoyote ya nchi. Mdoli uliojazwa pamba mbichi, ukifuliwa Februari, hubaki na unyevu ndani siku nyingi, pamba hugandamana, na kuvu huota mahali ambapo mzazi haoni. Sufi, ile ya miti, ni nyepesi na haishiki maji haraka, ila hushindiliwa na kuwa bapa upesi, hutoa vumbi linalomkera fundi, tena hushika moto kwa wepesi. Mabaki ya vitambaa yaliyokatwakatwa yana uzito na hukawia kukauka. Nyuzi za poliesta, zile zinazojazwa katika mito mipya, ndizo zinazofaa zaidi kwa sababu hukauka upesi na kurudia umbo lake, na ingawa bei yake iko juu, hakuna sababu ya kutosha ya kuziacha. Kijazio kilichotolewa katika godoro au mto wa zamani kisitumike kabisa, hata kikionekana safi.

Usalama wa mtoto haupaswi kuachiwa imani njema ya fundi; una vipimo, na vipimo hivyo vinaweza kufanyika katika chumba kimoja cha Mlandege mjini Iringa au Soweto jijini Mbeya bila maabara. Viwango vya kimataifa vya vitu vya kuchezea hupima vipande vidogo kwa silinda yenye kipenyo cha milimita 31.7: chochote kinachoweza kung'oka na kuingia chote humo, mtoto wa chini ya miaka mitatu anaweza kukabwa nacho. Silinda ya kadibodi yenye upana huo, na kina cha milimita 25 upande mmoja na 57 upande wa pili, hutengenezwa kwa dakika chache, na ikining'inizwa ukutani itasema yenyewe kwamba vifungo vya shati havifai kuwa macho. Macho, pua na mdomo vidariziwe kwa uzi, hata kama mtoto ana miaka minane, kwa sababu karibu kila nyumba ina mdogo wake. Kiwango cha Ulaya hudai pia sehemu zilizoshikizwa, kama masikio na mikia, zistahimili mvuto wa niutoni 90, ambao ni sawa na uzito wa kilo 9 hivi. Ndoo yenye maji lita 9, ikining'inizwa kwenye sikio la mdoli kwa kibanio na kuachwa sekunde 10, hutosha kulifanya jaribio hilo karakanani. Mdoli mmoja wa kila umbo jipya ufanyiwe hivyo, na ule uliojaribiwa usiuzwe.

Hatari kubwa kuliko zote haimo katika muundo, imo katika sindano. Sindano ya cherehani huvunjika, ncha yake hurukia ndani ya manyoya, na fundi mwenye haraka huweka nyingine na kuendelea. Karakana iwe na daftari la sindano ambamo kila sindano inayotolewa huandikwa, na inapovunjika vipande vyake vyote hubandikwa kwa gundi ya karatasi kwenye ukurasa. Kipande kikikosekana, mdoli uliokuwa mezani upitishwe sumaku, ufumuliwe, na kama hakikuonekana uchomwe moto, hata kama umekwisha kulipiwa. Pini za kichwa nazo zihesabiwe asubuhi na jioni. Karakana isiyoweza kulishika sharti hili isishone vitu vya watoto.

Bei ndipo biashara nyingi za mkono zinapofia, na kifo chenyewe huja polepole bila mwenyewe kukiona. Mfano ufuatao umewekwa ili kuonyesha namna ya kukokotoa, wala si bei ya soko. Chukulia mdoli wa sentimita 30 umetumia manyoya ya shilingi 4,000, kijazio cha shilingi 2,500 na nyuzi za shilingi 1,000, jumla shilingi 7,500. Mazungumzo na kiolezo vimechukua saa 2, kukata na kushona saa 3, kujaza, kudarizi na kukagua saa 2. Saa moja ya fundi imethaminiwa kwa shilingi 2,000, hivyo kazi ni shilingi 14,000. Fungu la pango, umeme, simu na matengenezo ya cherehani liwe shilingi 3,500. Gharama kamili ni shilingi 25,000, na faida ya asilimia 20 huifikisha bei kwenye shilingi 30,000. Mteja atakapopaza sauti kwamba mdoli wa sokoni ni shilingi 12,000, na fundi akakubali bei hiyo ili asimpoteze, atabakiwa na shilingi 1,000 kwa saa saba za kazi yake. Wateja wasioweza kulipa bei kamili wapewe mdoli mdogo zaidi au wenye rangi chache, si mdoli uleule kwa bei ya hasara. Advansi iwe nusu ya bei, ilipwe kabla ya kiolezo kukatwa, kwa kuwa mdoli wa mchoro wa mtoto fulani hauwezi kuuzwa kwa mtu mwingine mwenyewe asipokuja. Na picha ya kiolezo itumwe kwa WhatsApp ili mteja athibitishe kabla mkasi haujapita.

Haki za mtoto katika mchoro wake ni suala ambalo mafundi wengi hawajalifikiria. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, kazi ya sanaa hulindwa tangu inapoumbwa, bila kusubiri isajiliwe, na umri wa msanii haupunguzi haki hiyo. Anayelipia mdoli mmoja hajaipa karakana ruhusa ya kutengeneza hamsini ya kuuzia watalii, hata kama mdoli huo unampendeza kila apitaye. Kadi ya oda iwe na sentensi moja inayosema kwamba mchoro unabaki mali ya mtoto na kwamba kuurudia kwa biashara kutahitaji makubaliano mengine ya maandishi na mzazi, yenye malipo. Vivyo hivyo picha za watoto wakikumbatia midoli yao, ambazo huvutia wateja kuliko tangazo lolote, zisiwekwe mtandaoni bila idhini ya maandishi ya mzazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu fundi mdogo kama inavyoihusu benki. Na mtoto akileta mchoro wa mhusika wa katuni za televisheni, aombwe kwa upole achore mnyama wake mwenyewe, kwani mhusika yule ana mwenyewe.

Taratibu za kuandikisha biashara hazitofautiani na za biashara nyingine ndogo: jina husajiliwa BRELA, namba ya mlipakodi hutolewa na TRA, leseni hutolewa na halmashauri. Ofisi za SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, zipo Mbeya na Iringa, na ni busara kuanzia huko kwa mafunzo na kwa barua ya utambulisho inayomfikisha mjasiriamali mdogo kwenye Shirika la Viwango (TBS). Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na karakana inayowaunganisha mafundi wenye ulemavu ina kila sababu ya kuomba fungu hilo, mradi ipeleke hesabu za mfano uliotajwa hapo juu badala ya maneno matupu.

Soko la miji hii miwili halifanani. Mbeya ni jiji la watu zaidi ya 500,000 lililo karibu na mipaka ya Zambia na Malawi, lenye wafanyabiashara na watumishi wengi, na wateja wake watakuwa wazazi wanaotafuta zawadi ya kuzaliwa, ya ubatizo au ya kuhitimu darasa la awali. Iringa ina watu kama nusu ya hao au pungufu, lakini ni lango la Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na wageni wake hununua vikapu vya milulu vya wanawake wa Kihehe kwa sababu vinajulikana vimetoka wapi na vimesukwa na nani. Funzo hilo lilichukuliwa mapema huko Njoro, Kenya, na Kenana Knitters, kikundi kilichoanza mwaka 1998 kufuma wanyama wa sufu, ambacho bidhaa zake huuzwa zikiwa na lebo yenye jina la aliyezifuma. Karakana ya Iringa inaweza kushona kwa ajili ya wageni midoli inayotokana na michoro ya watoto wa shule za karibu na hifadhi, kwa mikataba iliyoelezwa hapo juu, kila mmoja ukiwa na nakala ndogo ya mchoro wake. Na ya Mbeya inaweza kuwatafuta watoto wa Rungwe waliokulia jirani na kipunji, kima wa milimani ambaye wanasayansi walimtangaza kwa ulimwengu mwaka 2005 tu, na ambaye sehemu kubwa ya Watanzania hawajawahi kumwona hata akiwa amechorwa.

Miji hii imeunganishwa na barabara kuu inayopita Mafinga, Makambako, Igawa na Uyole, na vifurushi husafiri kwa mabasi kila siku, hivyo si lazima kila karakana ifanye kila kitu: wadarizi wa Iringa wanaweza kumalizia nyuso za midoli iliyoshonwa Mbeya. Kifurushi kifungwe kwanza kwa nailoni kisha kiwekwe ndani ya kiroba, kwa sababu ya mvua na vumbi la buti la basi, namba ya risiti itumwe kwa mpokeaji kwa simu, na mchoro halisi wa mtoto usisafirishwe kamwe kwa njia hiyo. Kiolezo na kadi ya kila mdoli vihifadhiwe katika bahasha kwa miaka miwili angalau, kwani midoli husahaulika ndani ya daladala, huibwa na mbwa, hudondoka mtoni, na mzazi atakayerudi akiwa na mtoto anayelia atahitaji mnyama yuleyule.

Maombi huelekea kuongezeka kuelekea Krismasi na kufunguliwa kwa shule Januari, wakati uleule ambao umeme hukatika kwa radi na nguo haziwezi kukauka. Karakana yenye mafundi watatu, kwa saa saba kwa kila mdoli, haiwezi kutoa zaidi ya midoli 18 kwa wiki ya siku sita, na hesabu hiyo haitabadilika kwa sababu mteja ana haraka. Michoro ya Desemba ianze kupokelewa Septemba, tarehe ya mwisho ya kupokea oda iandikwe ukutani na kwenye simu kufikia Oktoba, na atakayekuja baada ya tarehe hiyo aandikiwe Januari.